Anthropolojia ama sosholojia: uchague gani kama uko Nairobi na unataka kazi

Fungua tangazo lolote la kazi ya utafiti ama miradi ya jamii hapa Nairobi, shuka mpaka pale wameandika mambo ya masomo, mara nyingi utakuta kitu kama hiki: digrii ya sosholojia, anthropolojia, maendeleo ya jamii ama kozi nyingine inayokaribiana. Mstari mmoja, koma katikati, basi. Kwa hivyo kama saa hii uko kwa potali ya KUCCPS, ile ya serikali ya kuchagua kozi za chuo, unajiuliza ni gani kati ya hizi mbili itakupa kazi na ni gani itakuacha ukizunguka mjini na bahasha ya kaki, jibu la haraka ni kwamba waajiri wengi hata hawajali. Wewe ndio utajali, juu ni miaka minne, na vile utazoeshwa kuangalia watu kwa hiyo miaka minne ndio itaamua kama utapenda kazi yenye utapata ama utakuwa unaichukia kila Jumatatu.

Mimi nilisoma anthropolojia. Deski yangu imepakana na ya jamaa alisoma sosholojia, tumefanya miradi mingi pamoja, na kuna siku namuonea wivu kwa yale alifundishwa na kuna siku yeye ndio ananionea. Nitazilinganisha vile naziona kazini, sio vile zimeandikwa kwa brosha ya chuo.

Tofauti iko wapi hasa

Lekchara atakwambia sosholojia ni kuhusu jamii na anthropolojia ni kuhusu binadamu, na utatoka hapo vile uliingia. Tofauti yenyewe iko kwa mkono, kwa vile kazi inafanywa. Durkheim, Mfaransa, mmoja wa wazee wa sosholojia, mwaka wa 1897 alitoa utafiti wake kuhusu watu kujiua, na hakuufanya kwa kwenda kukaa na familia zilizofiwa, alichukua takwimu za serikali za Ulaya akalinganisha Wakatoliki na Waprotestanti, waliooa na wasiooa, akaonyesha kwamba jambo tunalodhani ni la moyo wa mtu mmoja lina mpangilio unaotoka kwa jamii. Malinowski naye, mzee wa upande wa pili, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa visiwa vya Trobriand, leo ni sehemu ya Papua New Guinea, amepiga hema katikati ya kijiji, amejifunza lugha ya wenyewe, anaandika kila kitu anaona. Durkheim anahesabu wengi, Malinowski anakaa na wachache. Siku hizi kila upande umekopa kwa mwenzake, kuna watu wa sosholojia wanakaa vijijini na watu wa anthropolojia wanapiga hesabu, lakini ukiingia darasani bado utajua uko wapi.

Sasa ilete hapa mjini. Dodoso nyingi za kaya, hata kabla hujazoea tableti, zinakuuliza mkuu wa kaya ni nani. Uko Mathare, mlango wa mabati uko wazi, mama amekaa kwa kistuli anakata sukuma, wewe umesimama na tableti, Kobo, ile programu ya kukusanya data, imefunguka. Unamuuliza, anakujibu "ni mzee", unabonyeza "mume", tableti inakubali inakupeleka swali linalofuata, na uko na milango mingine ya kubisha kabla giza liingie. Hiyo ni kazi imefanywa sawasawa, hakuna makosa hapo. Lakini mtu wa anthropolojia angebaki. Keyateka wa ploti anakuja kuuliza kodi, anaongea na mama. Mtoto anatoka shule na barua ya pesa ya mtihani, inasomwa na mama. Wamama wa chama cha kuweka akiba wanapita kuulizia mkutano, mama ndio mweka hazina. Mzee ako Mombasa na malori, simu yake inaingia mwisho wa mwezi, na kuna miezi haiingii. Mama hakudanganya aliposema ni mzee, alimpa bwanake heshima yake mbele ya mgeni asiyemjua. Ila kama mradi wako ni wa kumtumia mkuu wa kaya pesa kwa simu, hongera, umetuma pesa Mombasa.

Hapo watu wa anthropolojia tunapenda kuvimba kichwa. Ngoja jamaa wa deski ya pili aulize: sawa, huyo ni mama mmoja, wako wangapi kama yeye? Kimya. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya milioni 47.6 na hakuna mtu atakaa kwa kistuli na wote. Serikali ikitaka kujua ijenge zahanati ngapi Embakasi haitaki hadithi tamu, inataka namba, na mwenye anajua kuchagua sampuli vizuri na kusema hii namba inaaminika ama haiaminiki ndio analipwa.

Jiulize tu unaweza kuvumilia nini. Kuna mtu akikaa na familia moja wiki nzima anasikia anapoteza wakati, na kuna mtu akiona jedwali la Stata, ile programu ya takwimu, macho yanajaa machozi. Hilo swali lina maana kuliko lile la "ni gani iko na soko".

Darasani

Chuo Kikuu cha Nairobi anthropolojia iko kwa idara moja na masomo ya jinsia na ya Afrika. Mizizi yake ni ile taasisi ya masomo ya Afrika iliyoanza 1970, na Okot p'Bitek, huyo huyo mshairi wa Uganda mnayemjua, alifanya utafiti hapo miaka ya sabini baada ya kusoma anthropolojia Oxford. Utafundishwa undugu na ndoa, dini, uchumi wa jamii zisizo na benki, afya na magonjwa kwa jicho la utamaduni, kidogo mambo ya lugha, na kidogo mambo ya mifupa na binadamu wa kale. Sosholojia utakuta nadharia zaidi, takwimu zaidi, idadi ya watu, uhalifu, familia, mashambani na mjini, na hapo Nairobi imekaa idara moja na kazi za ustawi wa jamii, hiyo ni kitu ya kukumbuka nikifika kwa ajira. Maseno wameamua kuziweka zote mbili kwa idara moja, na ukiniuliza mimi si wazo baya.

Darasa la sosholojia mara nyingi hujaa. Anthropolojia mara nyingi mko wachache, lekchara anakujua kwa jina, na hiyo ina faida kubwa wakati wa kutafuta barua ya mapendekezo ama lekchara akipata mradi anataka vijana wa kumsaidia. Karo sidhani ni kitu ya kukufanya uchague moja uache nyingine kama ni chuo cha umma.

Kuna kitu wazazi hupenda kusema, ati anthropolojia ni kozi ya wazungu ya kuja kutuandika. Wako na haki kidogo. Lakini wanasahau Jomo Kenyatta mwenyewe alisomea anthropolojia pale London School of Economics miaka ya thelathini, mwalimu wake akiwa huyo huyo Malinowski wa hema, na ile kazi aliyoandika kuhusu Wagikuyu ikatoka kitabu 1938. Alafu angalia mambo ya dunia: kesi ya Kapenguria, ile Kenyatta alishtakiwa kuongoza Mau Mau, ilipoanza mwisho wa 1952, mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mzungu aliyezaliwa Kabete, anaongea Kikuyu tangu utoto, na yeye pia alikuwa amewaandika Wagikuyu. Mawakili wa Kenyatta wakapinga mpaka Leakey akajiondoa. Watu wawili, taaluma moja, kabila moja waliloliandika, mmoja kizimbani na mwingine upande wa serikali. Ukisoma anthropolojia utabeba hiyo historia, utaulizwa unamwandikia nani na kwa faida ya nani, na kusema ukweli hilo swali linafaa hata leo NGO ikikutuma Kibera na kalamu. Sosholojia haina huo mzigo sana hapa kwetu, sio juu ni safi, ni juu ilikuja ikiwa imechelewa kidogo.

Kazi, moja moja

Tuanze na afya juu hapo ndio anthropolojia inalipa vizuri zaidi Nairobi hii. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi 2014, madaktari walikuwa na mavazi na dawa ya kuua viini na bado watu walikuwa wanaficha wagonjwa na kuzika usiku, juu maiti ilikuwa inachukuliwa kwa mfuko bila kuoshwa, bila dua, bila familia kuona. Watu wa anthropolojia wakaitwa, wakasaidia kupanga mazishi yenye hayaambukizi lakini familia inasimama hapo, imamu ama pasta anaomba, mtu anazikwa kama mtu. Sasa njoo nyumbani, APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu hapa Nairobi, imefuatilia afya ya watu wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, iko. Kazi kama hizo zinataka watu wote wawili: mmoja anasimamia madodoso ya maelfu ya kaya, mwingine anaongoza mazungumzo ya vikundi na kuuliza mbona wamama wanaanza kliniki mimba ikiwa imeshakuwa kubwa. Wa pili ndio sisi. Na kama uko na diploma ya uuguzi ama umefanya kazi kama mhudumu wa afya ya jamii alafu uongeze anthropolojia, nakuambia ukweli, wewe hutakaa nyumbani sana.

Ufuatiliaji na tathmini, ile kila mtu huita M&E, hapo nampa sosholojia bila kubishana. Mfadhili anataka kujua viashiria vimepanda ama vimeshuka, robo ya mwaka hadi robo ya mwaka, na kama wewe ni wa anthropolojia na hujajifundisha Excel na SPSS ama Stata utakuwa unaitwa tu mwisho wa mradi kuandika "hadithi ya mafanikio" moja ya ukurasa mmoja yenye picha ya mama anacheka. Ni kazi, lakini sio ile ulisomea.

Watoto, probesheni, magereza, makao ya watoto, ustawi wa jamii serikalini, pia sosholojia, na hasa ukiwa umechukua upande wa kazi za ustawi wa jamii. Mtu wa anthropolojia anaweza kuomba, na wengine wanachukuliwa, ila utaanza ukiwa nyuma ya mwenye alifanya atachimenti, yale mazoezi ya kazini, kwa ofisi ya watoto.

Ardhi na mazingira, hapa nataka nikae kidogo juu vijana wengi hawajui hii njia iko. Tangu sheria ya mazingira ya 1999, mradi mkubwa hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kupelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na ndani ya ile tathmini kuna sehemu ya jamii: nani anaishi hapo, nani anachunga hapo msimu wa kiangazi hata kama saa hii hayuko, makaburi yako wapi, mti gani haukatwi, nani ana haki ya kusema ndiyo kwa niaba ya wengine. Kampuni zikiifanya juu juu zinalia baadaye. Ule mradi wa umeme wa upepo kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, mitambo ilikuwa tayari inazunguka na mwaka wa 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ile ardhi hazikupatikana kihalali. Waogiek nao walishinda serikali kwa mahakama ya Afrika ya haki za binadamu kule Arusha 2017, na kitu kikubwa kilikuwa kuonyesha kwamba hawa ni watu wenye maisha na dini na chakula kilichoshikana na msitu wa Mau, sio watu wamevamia msitu juzi. Kuonyesha kitu kama hicho mbele ya majaji ndio anthropolojia kutoka juu mpaka chini. Mtu wa sosholojia atahesabu kaya zitakazohamishwa na thamani ya mali yao vizuri kuliko mimi, lakini mfugaji mwenye anapita hapo miezi miwili kwa mwaka hayuko kwa orodha ya kaya, na huyo ndio atapeleka kesi kortini. Hizi kazi mara nyingi ni za konsaltansi, za mkataba wa miezi kadhaa, pesa inakuja kwa vipande, kwa hivyo sio za mtu anataka kulala akijua mshahara ni tarehe thelathini.

Teknolojia ndio ile watu hawaamini. Kampuni za apu, za mikopo ya simu, za sola za kulipa kidogo kidogo, zote zinahitaji mtu wa kwenda kukaa na wateja aone wanatumia kitu vipi. Si mnajua M-Pesa, jaribio la 2005 lilikuwa la watu wa mikopo midogo kulipia mikopo yao, alafu ikaonekana watu wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo lilikuwa la kutuma pesa nyumbani. Hakuna dodoso ingeuliza hilo swali kabla, juu hakuna mtu alikuwa anajua ni swali. Intel kule Marekani waliajiri Genevieve Bell, mtu wa anthropolojia, tangu 1998 awaambie watu wanaishi vipi na mashine majumbani mwao. Hapa mjini hiyo kazi inaitwa utafiti wa watumiaji na ukitaka kuipata usiseme umesoma anthropolojia ukanyamaza, enda na mfano: nilikaa na mama mboga wa Gikomba nikaona ako na simu mbili, ya pesa na ya kuongea, na hii ndio sababu. Tangazo lenyewe mara nyingi halitaji anthropolojia hata kidogo, kwa hivyo ukitafuta kwa jina la digrii yako hutaliona.

Utamaduni na makumbusho. Nafasi ni chache, tusidanganyane. Katiba ya 2010 ilipeleka shughuli za utamaduni kwa kaunti, kwa hivyo kuna kaunti 47 zenye ofisi ya aina hiyo, na tangazo la afisa wa utamaduni likitoka mtu wa anthropolojia ndio anatoshea kabisa. Lakini yakitoka, ni mtu mmoja ama wawili wanachukuliwa na waliotuma ni wengi, na ujue pia hiyo ofisi huwa haipewi bajeti kubwa.

Mwalimu? La, zote mbili. TSC, tume inayoajiri walimu, inataka masomo mawili yanayofundishwa sekondari na hakuna sosholojia wala anthropolojia kwa ratiba ya shule. Kama mzazi anasema "si utakuwa tu mwalimu ikikataa", mwambie mapema, mama, hii sio digrii ya ualimu, kama ni ualimu nichague ualimu saa hii.

Na wale mnakuja juu ya mifupa. Kuna kundi linachagua anthropolojia juu limesikia Turkana Boy, ile mifupa ya binadamu wa kale, na safari za Olorgesailie kuona mashoka ya mawe. Ni vizuri, na Kenya ni mahali pake. Lakini yule kijana wa Turkana wa kama miaka milioni moja na nusu aligunduliwa 1984 na Kamoya Kimeu, mzee wa Ukambani ambaye hakupitia yunivasiti, aliingia kwa kazi ya kuchimba na jicho lake likamfikisha alikofika. Kazi za kudumu za kuchimba ni chache sana, na ukitaka hiyo njia angalia akiolojia yenyewe na ujipange kwa PhD. Wa kutambua maiti kwa mifupa kama mnavyoona kwa sinema, hiyo inaanzia anatomia na masomo ya juu nje, sio digrii ya kwanza ya hapa.

Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza

Hapa kozi mbili zinafanana mpaka inachosha. Utaanza kama enumereta, yule wa kuzunguka na dodoso, unalipwa kwa siku, wiki mbili Kwale, mwezi nyumbani, siku tano Kayole. Kwa enumereta mtu wa sosholojia na wa anthropolojia ni kitu kimoja, na hata yule wa biashara ama ualimu mtakuwa naye kwa gari moja. Kazi ya pili ya wanaoanza ni transkripsheni, ile ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno na kuyatafsiri. Rekodi ya saa moja inakula nusu siku ama zaidi, na kama ni kikundi cha vijana wanane wa Dandora wanaongea wote kwa wakati mmoja na mvua inagonga mabati, tuseme ukweli, utalia. Lakini hapo kwa transkripsheni ndio mtu wa anthropolojia huanza kuonekana, juu alizoea kusikiliza, anajua kuandika kwamba hapa walicheka, hapa mmoja alinyamaza alipotajwa chifu. Bosi akisoma hiyo transkripti anauliza ni nani aliandika. Na ukijua Kijaluo, Kikamba, Kisomali, Kiturkana ama Kigiriama vizuri, sio ya kuombea maji tu, weka kwa ukurasa wa kwanza wa CV, usiifiche chini ya "vipaji vingine".

Mtu wa sosholojia yeye hupanda kwa njia nyingine, anakuwa supavaiza wa timu, alafu msimamizi wa data, alafu afisa wa M&E. Ngazi yake inaonekana, unaweza kuihesabu. Ya anthropolojia haina ngazi iliyopangwa, unaruka kutoka mradi wa maji kwenda wa ardhi kwenda wa simu, na miaka ikipita unajikuta unajua kitu kimoja vizuri kuliko watu wengi, ama hujui chochote vizuri, inategemea kama ulikuwa unachagua ama unachukua tu inayokuja.

Masta inabadilisha hesabu. Na digrii ya kwanza peke yake sosholojia iko mbele kidogo. Na masta, hasa ya anthropolojia ya afya ama ya kitu chenye wafadhili wanakitaka, anthropolojia inaipita, juu watu wenye wanaweza kuongoza utafiti wa kina wenyewe ni wachache. Mashirika ya kimataifa ya Gigiri mengi hata hayaangalii CV isiyo na masta. Ukitaka kuona hii njia inaweza kufika wapi, Jim Yong Kim ni daktari mwenye PhD ya anthropolojia ya Harvard na aliongoza Benki ya Dunia kuanzia 2012 mpaka 2019. Na yule mama ya Obama, Ann Dunham, alikuwa mtu wa anthropolojia, alitumia miaka Indonesia na wahunzi wa vijijini Java, PhD akaipata 1992, na katikati ya hiyo miaka akafanya kazi ya mikopo midogo. Aliona wahunzi hawakosi bidii, wanakosa mtaji. Hiyo ni kitu unaiona ukikaa nao.

Sasa nani achukue gani

Kama nyumbani wanakungoja, una wadogo wa kulipia karo, na unataka mshahara wa mwisho wa mwezi haraka iwezekanavyo, chukua sosholojia na uongeze upande wa ustawi wa jamii ama takwimu. Sitaki mtu akudanganye ati fuata moyo. Kama hesabu hazikutishi na unapenda mambo yakiwa kwa jedwali, pia sosholojia.

Kama wewe ni yule mtu kwa matatu unasikiliza stori ya watu wa kiti cha nyuma mpaka unapita steji yako, unauliza bibi yako maswali mpaka anachoka, na uko tayari kusoma masta hata kama ni baada ya miaka michache ya kuhangaika, anthropolojia. Mtu wa aina hiyo sosholojia itamchosha kufikia mwaka wa pili. Na kama unataka hii ya teknolojia ama ya ardhi niliyosema juu, nakusukuma upande huu bila aibu.

Kama huwezi kuamua kabisa, chukua sosholojia mahali penye unaruhusiwa kuchukua yuniti za anthropolojia, ama kule zimewekwa pamoja. Kutoka sosholojia kuingia masta ya anthropolojia ni rahisi, nimeona wengi. Kurudi upande wa pili inawezekana pia lakini watakuuliza takwimu uliisoma lini.

Na kama hukuchagua, uliitwa tu anthropolojia juu ndio kozi ilibaki (wengi tuliokutana nao darasani walikuja hivyo), angalia kwanza kama dirisha la kuhama kwa potali bado liko wazi. Kama limefungwa usikae ukinung'unika miaka minne. Jifundishe Kobo, haina gharama, iko kwa intaneti. Chukua kila yuniti ya takwimu wenye idara watakuruhusu. Alafu projekti ya mwaka wa nne, tafadhali, usiandike "utamaduni wa Wamaasai na mabadiliko yake", imeandikwa mpaka lekchara anaisoma akiwa amelala. Chukua kitu kidogo chenye mtu fulani mjini analipwa kukijua: mbona wagonjwa wa TB wa Mukuru wanaacha dawa wakisikia nafuu, wamama wa Kawangware wanaamua vipi ni mkopo gani wa simu walipe kwanza na gani wauache. Shughulikia vibali mapema, ile leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya serikali, na barua ya maadili, juu hizo ndizo huchelewesha watu mpaka mahafali yanapita. Ukimaliza chapisha nakala moja ya ziada, ubebe siku ya intavyu, na wakikuuliza anthropolojia ni nini uwafungulie ukurasa wenye mgonjwa mwenyewe anaongea.